Mbwa Aliyekaa Katikati

Chepngeno alikuwa na mdomo. Tuseme hivyo mapema tumalize, maana hata yeye mwenyewe asingekataa. Pale juu ya Sigowet, ambako alichuma majani chai tangu akiwa msichana wa kubebeshwa kikapu kinachompita mgongo, watu walimpisha kwenye foleni ya mzani, na si kwa sababu ya umri. Hakuna aliyetaka kuanza siku yake kwa kusemwa. Alimsema karani wa mzani, alimsema mchungaji kwa mahubiri marefu, na siku ya mazishi ya mumewe alimsema marehemu kwa kufa kabla ya kumaliza zizi. Ila kuna mtu mmoja ambaye kwa miaka minane hakumwambia hata neno moja, naye ni mume wa binti yake.

Hiyo haikuwa chuki. Au tuseme haikuwa chuki peke yake. Ilikuwa heshima. Kwa Wakipsigis, mama mkwe na mkwe hawazoeani: hawashikani mikono, hawaangaliani usoni, hawalali chini ya paa moja. Kwa Wakisii, alikotoka huyo mkwe, mambo ni hayo hayo na pengine makali zaidi. Kwa hivyo Chepngeno na Mosoti, watu ambao hawakuwahi kukubaliana kwa jambo lingine lolote chini ya jua, walikubaliana vizuri sana kutoangaliana.

Lakini mdomo ni mdomo, lazima upate pa kutokea. Kwingine mama mkwe akiwa na la kusema humtuma mtoto aliye karibu. Kwa Chepngeno hakukuwa na mtoto. Kulikuwa na mbwa, mwekundu wa rangi ya udongo, sikio moja limelala, aliyeitwa Karani kwa sababu alipokuwa mdogo alipenda kukaa chini ya mzani wa majani na kukodolea macho kila kikapu kinachopimwa.

"Karani," Chepngeno angesema, Mosoti akiwa ameketi hatua tatu kutoka hapo, "wewe umewahi kuona mwanaume anakunywa chai vikombe vinne na hajui ng'ombe inalala wapi?"

Na Mosoti, macho mlangoni, angejibu, "Karani, ambia mwenye kuuliza chai ilikuwa baridi. Ndiyo maana inateremka haraka."

Mbwa alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, mkia ukipiga sakafu, anafurahi kuitwa na wote wawili. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Dorine, binti mwenyewe, mtoto wa pekee, alikuwa Ayalandi mwaka wa tatu, akitunza wazee katika nyumba ya wazee. "Anaogesha mama za wenyewe," Chepngeno alikuwa akiwaambia wanawake wenzake shambani, na akisema hivyo alikuwa akichuma kwa nguvu mpaka majani yanachanika. Alimtaka mtoto wake nyumbani. Hakuficha hilo. Nyonga ya kushoto ilikuwa imeanza kumsumbua, nyumba ilikuwa na sauti moja tu, yake, na hata yeye ilikuwa inamchosha wakati mwingine.

Basi katikati ya Aprili Dorine akatuma ujumbe wa sauti. Mkataba wake ulikuwa unaisha. Mwajiri alitaka jibu kufikia Jumamosi jioni: ama atie sahihi kwa miaka mitano mingine na amchukue mumewe, karatasi zikiwa tayari, ama arudi nyumbani Agosti.

"Mama, mimi nataka kurudi," ilisema ile sauti. "Lakini sirudi kwa vita. Mosoti hana shamba, kwao wako ndugu saba kwa nusu ekari. Tukirudi tunajenga kwako. Jumamosi saa kumi na moja nitapiga simu. Kama umekubali, umwambie Mosoti mwenyewe, kwa mdomo wako, ukimwangalia. Sitaki kusikia jina la mbwa. Na kabla ya hapo atakutembeza milimani siku mbili. Hujawahi kwenda mahali bila kazi."

Mosoti alikuwa fundi wa magari mjini Kericho. Wikendi alipata vibarua vya kupeleka wageni wa Nairobi milimani na gari lake kuukuu, Noah, wakalale kwenye tenti na kupiga picha za ukungu. Tenti alikuwa nazo. Muda alikuwa nao.

Chepngeno alikuwa na jibu kabla ujumbe haujaisha. Hapana. Mwanaume ajenge kwa mama mkwe wake? Mwanaume aolewe? Johana, shemeji yake, mdogo wa marehemu, angecheka mpaka akose pumzi. Huyo Johana tayari alikuwa na tabia ya kupitapita katikati ya mistari ya chai ya Chepngeno jioni, mikono nyuma, akiipima kwa macho, kwa kuwa mwenyewe hakuzaa mtoto wa kiume. Na juu ya hayo yote, Mkisii. Baba yake Chepngeno aliibiwa ng'ombe wawili na watu wa ng'ambo ya mpaka miaka hiyo ya nyuma, na Chepngeno alikuwa bado anawakumbuka kwa majina.

Alikubali safari kwa hesabu yake mwenyewe. Mosoti alikuwa ameshakataa kwenda Ayalandi mara mbili. Mtu anayeogopa hata lifti ya hospitali hawezi kupanda ndege. Kwa hivyo Chepngeno akisema hapana, Mosoti atabaki na spana zake, Dorine atachoka kuishi peke yake, na siku moja mtoto atarudi kwa mama yake bila mzigo. Hesabu hiyo aliiona haina kosa.

Wakaondoka Ijumaa asubuhi. Chepngeno alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, leso amejifunika kichwani na kuivuta mpaka shavuni, upande wa dereva. Karani alikaa katikati, miguu ya mbele ikiwa kwenye kile kisanduku kati ya viti viwili vya mbele, kazini. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha siku kumi. Baada ya ile Februari iliyokausha kila kitu, chai ilikuwa imeamka, machipukizi juu ya kila kichaka, na barabara nzima mpaka Kericho na kwingine ilinuka udongo ulioshiba. Mosoti aliendesha polepole, kwa kuwa aliambiwa iwe safari ya starehe.

"Karani," Chepngeno akasema walipopitwa na trekta, "hii gari inaenda ama tunaisindikiza?"

"Karani, ambia abiria akitaka kuruka, ndege ziko Kisumu."

Walisimama Chepseon kununua kabichi na viazi. Chepngeno alimsema mwenye viazi kwa kupanga vikubwa juu na vidogo chini, akapewa vitatu vya kufunga mdomo, akarudi garini ametulia kidogo. Kutoka hapo wakaacha lami, wakapanda. Mosoti alisimama kila palipokuwa na pa kuangalia, akazima injini, akashuka bila kusema kitu, akaenda kusimama mbali ili mama mkwe naye aweze kushuka. Chini huko mashamba yalikuwa yamegawanywa vipande vipande, mengine yamelimwa meusi, mengine mahindi yameanza kutokeza. Chepngeno aliangalia. Maisha yake yote alikuwa ameiona milima hii kutoka chini, kitu cha buluu kinacholeta mvua. Palikuwa pazuri, na hilo lilimuudhi. Alikuwa amepanga kupachukia.

Walipiga kambi mahali penye nyasi fupi, chini kidogo ya msitu, juu ya Londiani. Tenti mbili, moja hapa, nyingine mbali kule, umbali ambao heshima ingeridhika. Mosoti alimwekea godoro, blanketi mbili na ndoo yenye kifuniko, na hayo yote aliyapanga Chepngeno akiwa amegeuka kuangalia miti. Chepngeno alikagua. Alitafuta kasoro, akapata kamba moja iliyolegea.

"Karani, kwenu ndiyo mnafunga kamba hivi? Ndiyo maana vitu vya watu vinapotea."

Mosoti alikuja, akaikaza, akaondoka. Alijibu akiwa ameshafika mbali. "Karani, mwambie kwetu tunafunga kamba. Midomo ndiyo ilitushinda." Na Chepngeno, ndani ya tenti, alibana kicheko kwa leso. Hakutaka kukisikia hata yeye mwenyewe.

Kama safari ingeishia hapo, hadithi ingekuwa nyingine. Lakini Jumamosi ilifika, na kila saa iliyopita Chepngeno alizidi kuwa mkali, kama mtu anayenoa panga kwa kazi anayoijua. Asubuhi alisema chai ina moshi. Alisema mlima una baridi ya bure. Mosoti alipochoma nyama mchana, alimwekea sahani yake juu ya jiwe na kurudi nyuma hatua kumi, na Chepngeno akasema, "Karani, nyama ni ngumu. Mwenye kuchoma alikuwa anachoma ama anaadhibu?" Mosoti alimjibu mbwa kwamba meno ya mtu si kosa la ng'ombe. Mpaka hapo ilikuwa kawaida yao.

Kisha Karani akalala chali kwenye nyasi, miguu juu, na Chepngeno akamkuna tumbo, na mdomo wake ukafanya kitu ambacho hata yeye hakuutuma.

"Wewe angalau ni mwanaume, Karani. Kule kwa jirani, kwa kina Weldon, umezaa watoto sita. Kuna wengine wameoa miaka minane na hakuna hata wa kutumwa chumvi."

Mosoti alikuwa ameshika kijiti cha nyama. Alikiweka kijiti chini, akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa. Chepngeno alingoja jibu lake, na lilipokosa kuja alijiambia kwamba ameshinda. Ushindi wenyewe haukuwa na ladha yoyote.

Ilipofika saa kumi mbingu ikawa nyeusi upande wa Tinderet. Mtu wa chai haambiwi ile rangi ni ya nini. Chepngeno alikuwa tayari ameshika leso na kiatu kimoja wakati mawe ya kwanza ya mvua yalipopiga nyasi. Alikimbia na nyonga yake mbovu mpaka kwenye Noah, akajitupa kiti cha nyuma. Mosoti aliingia mbele. Mvua ya mawe ikashuka yote kwa pamoja, paa likapiga kelele, na Karani, ambaye maishani mwake hakuwahi kusikia kelele hiyo akiwa ndani ya bati dogo hivyo, alipita juu ya magoti ya Chepngeno, akatoka mlangoni kabla haujafungwa, akapotelea upande wa msitu.

Mlango ukafungwa. Kupitia kioo waliona tenti ya kwanza ikilala, halafu ya pili ikipasuka katikati. Chepngeno aliwaza chai yake. Kama mawe haya yamepita Sigowet, hakuna kuchuma wiki tatu. Aliwaza mbwa. Alitaka kusema atafutwe, lakini angemwambia nani? Wa kumwambia alikuwa ndiye aliyepotea. Walikaa hivyo, mgongo wa mmoja na leso ya mwingine, na nyasi zote nje zikawa nyeupe.

"Mama," akasema Mosoti.

Hakukuwa na mtu mwingine ndani ya gari.

"Mbwa haiko, kwa hivyo nitasema mwenyewe, na unisamehe." Alikuwa anaangalia mbele, mikono yote miwili kwenye usukani wa gari lililozimwa. "Hiyo ya watoto hukuwa unaambia mbwa. Basi na mimi nikuambie. Dorine hakwenda huko kutafuta pesa. Mimi nilikuwa na kazi, tulikuwa tunakula. Alikimbia mdomo yako. Kila Jumapili tukitoka kwako alikuwa analia mpaka Kericho, na mimi naendesha. Nimekataa kwenda mara mbili kwa sababu nilijua nikienda, hakuna kitu itamrudisha tena. Sasa nimechoka. Simu ikilia, sema hapana. Sema tu. Jumatatu nachukua viza, naenda kufagia huko, na hutatuona."

Hasira ilimpanda Chepngeno hadi masikioni. Mkwe! Kumsemesha hivyo, bila haya, bila hata kukohoa kwanza! Alifungua mdomo kumwita Karani ampe mtu huyu jibu lake, na Karani hakuwapo. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe Chepngeno alikuwa na matusi tele na hana pa kuyaweka. Alibaki amefungua mdomo, mawe yakipiga paa, na hesabu yake yote, ile isiyokuwa na kosa, ikamporomokea. Huyu mtu atapanda ndege. Atapanda akitetemeka, lakini atapanda. Na baada ya miaka mitano yeye atakuwa na miaka sabini na mitatu, kama atakuwapo.

Alitaka kusema ni uongo. Dorine kulia? Mbona hakumwona akilia? Kisha akakumbuka siku aliyoondoka. Gari lilikuwa linangoja barabarani, na Dorine, badala ya kuja kwa mama yake, alipiga magoti kwanza uani, akamshika mbwa shingo. "Karani," alisema, "mwambie mama nimeenda." Watu walicheka. Chepngeno naye alicheka, akasema mtoto huyu ana mchezo. Sasa, ndani ya gari, aliisikia tena ile sauti, na hapakuwa na mchezo wowote ndani yake. Mtoto wake mwenyewe alikuwa amemuaga kwa njia ambayo watu huitumia kwa mama mkali wasiyemweza. Iliuma. Iliuma mahali pa chini ambapo hasira haifiki.

Mvua ilipungua, ikawa maji ya kawaida, ikaisha. Mosoti alishuka, akasimama kwenye nyeupe ile akipiga mluzi. Alipiga mara nyingi. Karani alitoka msituni mkia umefichwa, amelowa, anatetemeka, akapanda garini na kwenda moja kwa moja pale pake, katikati. Mosoti akarudi kiti chake. Hakuna aliyemsemesha mbwa.

Simu ya Mosoti ililia saa kumi na moja na dakika mbili. Aliiweka spika, akaishika juu ya bega lake, nyuma, bila kugeuka.

"Mama," ilisema sauti ya Dorine. "Uko hapo? Umeamua nini?"

Karani alimwangalia Chepngeno, masikio tayari, kama siku zote akisikia kuna jambo. Neno lilikuwa limefika ulimini: Karani, mwambie. Chepngeno aliweka kiganja juu ya pua ya mbwa yenye maji, akakisukuma kile kichwa chini, nje ya njia. Akaondoa leso.

"Geuka," akasema.

Mosoti akageuka. Chepngeno alimwangalia. Ilikuwa sura ya kawaida kabisa, mtu wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimeanza mvi, macho mekundu. Miaka minane alikuwa amekiogopa kitu hiki.

"Mosoti," akasema, na jina likamtoka kavu. "Utajenga upande wa chini, karibu na mto. Mlango yako isiangalie yangu. Nisione moshi yako asubuhi, nisisikie redio yako, na ukikanyaga mche moja ya chai yangu, nitakusema mpaka watu wa kule Soin wasikie. Johana akija kucheka, wewe ndiye utatoka nje umjibu. Si mimi."

Mosoti hakujua aweke macho wapi. Mwishowe akayaacha pale pale. "Ndiyo, mama," akasema.

Sauti ya Dorine ikatoka simuni, ndogo, haijiamini.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na bwana yako," akasema Chepngeno. "Ulifikiri ni nani?"